Kutoka Heha hadi Uhuru: Mlima uliojaa watu na mwendo wa mtu mmoja

Heha, mlima mrefu kuliko yote Burundi, unakaribia mita 2,700. Vibanda vya Mandara, anapolala usiku wa kwanza mpandaji wa Kilimanjaro aliyepita njia ya Marangu, viko mita 2,720. Yaani Mrundi akisimama juu kabisa ya nchi yake, bado hajafika pale mgeni wa Kilimanjaro anapotandika kitanda baada ya mwendo wa siku moja msituni. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu kila kiangazi, hapa Kibenga, nasikia vijana wakiulizana swali lile lile: je, naweza kwenda Kilimanjaro peke yangu, begi mgongoni, bila kampuni wala msafara?

Si swali la mchezo, na wanaouliza si wavivu. Kibenga iko kusini mwa Bujumbura, ziwa upande wa magharibi, vilima upande wa mashariki. Ziwa Tanganyika lenyewe liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu akitoka ufukweni akapanda hadi Heha, amepandisha karibu mita 1,900 kwa miguu yake mwenyewe. Usiku wa kilele kule Kilimanjaro, kutoka vibanda vya Kibo hadi kilele cha Uhuru, mtu hupandisha mita 1,175. Kwa hiyo kijana aliyezoea njia za huku kwetu akijiambia kwamba Kilimanjaro anaiweza, miguu yake haimdanganyi. Mapafu na ubongo ndivyo ambavyo bado hajavijaribu.

Wapandaji wetu wengi huenda Jumapili, maana Jumamosi asubuhi ni ya kazi za pamoja. Njia za kupanda kutoka upande wa Kanyosha na Musaga hazina geti, hazina tiketi, hazina kiongozi wa kukodi. Unahitaji kitambulisho mfukoni, maji ya kutosha, na adabu ya kumsalimia mkuu wa kilima ukipita kwake. Lakini usidhani utakuwa peke yako. Alfajiri njia hizo zimejaa watu kuliko barabara nyingi za mjini. Akina mama wanashuka na magunia ya makaa kichwani, vijana wanashuka na baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hadi tairi zinalalamika, watoto wanashuka na vidumu vya maziwa kutoka Mugamba, ambako asubuhi watu huvaa makoti mazito wakati sisi huku chini tunajipepea. Wote wanawahi soko. Anayepanda kwa starehe ndiye mgeni katika njia hiyo, na kanuni yake haijaandikwa popote ila kila mtu anaijua: mwenye mzigo apishwe. Tena apishwe upande wa ndani, mgongo wako ukiegemea kilima, usije ukamsukumia korongoni aliyebeba riziki ya nyumba nzima.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala Kilimanjaro, na kwangu mimi mtu aliyeishika huku kwetu amejiandaa kuliko aliyenunua viatu vya bei.

Sasa nijibu swali. Hapana, huwezi kupanda Kilimanjaro peke yako. Tangu mwaka 1991 kanuni za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni, na safari hupangwa kupitia kampuni iliyosajiliwa. Getini unaandikishwa, mizigo inapimwa, majina ya kiongozi na wapagazi yanaandikwa. Hata ukija mwenyewe, bila rafiki wala kikundi, utapanda na kiongozi, mpishi na wapagazi kadhaa, maana chakula, hema na gesi lazima vibebwe na mtu. Mtu mmoja anatembea na kijiji kidogo nyuma yake.

Na haikuanza leo. Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa vitabuni kuwa alifika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, hakufika kwa nguvu za watu wawili. Alikuwa ameshindwa mara mbili kabla ya hapo, na safari ya tatu aliifanikisha kwa kupanga kambi ambazo wapagazi walizipelekea chakula kutoka chini. Jina la Yohani Kinyala Lauwo, Mchagga wa Marangu anayekumbukwa Tanzania kama kiongozi wa safari ile, lilichelewa sana kutajwa. Miaka 72 baadaye, Desemba 1961, Alexander Nyirenda, afisa wa jeshi la Tanganyika, alipandisha bendera na Mwenge juu pale, na kilele kikaitwa Uhuru. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepanda peke yake.

Wapo waliojaribu njia nyingine, na kisa chao nakipenda sana. Januari 1943, mfungwa wa vita Mwitaliano aitwaye Felice Benuzzi alitoroka na wenzake wawili kutoka kambi ya Waingereza huko Nanyuki, si ili akimbilie kwao, bali apande Mlima Kenya alioutazama kila asubuhi nyuma ya seng'enge. Hawakuwa na kiongozi wala ramani ya maana. Walitegemea, pamoja na mengine, picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la chakula. Mwenzao mmoja aliugua, akabaki kambini chini. Wawili waliosalia walijaribu Batian, kilele kikuu chenye mita 5,199, wakashindwa, wakageuka. Baadaye wakafika Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera yao, kisha wakarudi wenyewe gerezani. Kinachonigusa zaidi ni yale maamuzi mawili: kumwacha mgonjwa chini, na kugeuka Batian ilipokataa. Mlima ulikuwa mtupu, hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Mlima Kenya uliendelea kwa miaka mingi kuwaruhusu watu wawili au zaidi kwenda bila kiongozi, ila si mtu mmoja kulala huko peke yake. Kwingineko milango imekuwa ikifungwa. Karisimbi ya Rwanda, mita 4,507, ambayo ndiyo iliyo karibu nasi zaidi kati ya milima inayozidi mita 4,000, hupandwa kwa siku mbili ukiwa na viongozi wa hifadhi. Meru ya Arusha hupandwa ukiwa na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Nepal nayo, nchi iliyojengewa jina na wasafiri wa begi mgongoni, ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2023 mgeni asitembee milimani bila kiongozi. Wapo wanaosema yote haya ni biashara tu. Biashara ipo, siwezi kukana. Lakini ukijua hewa nyembamba inavyomfanya mtu, utaona kuna kingine pia.

Hewa ya juu ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo, na juu ya Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakuletea takribani nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa pwani. Mwili unaweza kuzoea, ila kwa saa zake wenyewe: unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha damu, unakojoa sana, usingizi unakatika katika. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, na hapo utaona kwa nini Heha haitoshi kuwa mtihani. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sasa angalia njia ya Marangu kwa siku tano: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Ni mita 1,000 kila siku, mara mbili ya ushauri huo, halafu usiku ule ule wa tatu unaamshwa kuelekea kileleni. Hiyo ndiyo safari ya bei nafuu, na ndiyo inayowavuta vijana wa mifuko kama yetu.

Na mazoezi hayakukingi. Mkimbiaji hodari na mzee wa kitambi wote wanaweza kuugua, ila mkimbiaji huugua mbele zaidi kwa sababu alitangulia. Nawaomba wanaopanda vilima vyetu kila wiki walizingatie hili kuliko jambo jingine lolote katika makala haya.

Hapo ndipo umati unapoingia. Njia ya Marangu ni ya kwenda na kurudi kwa njia moja, kwa hiyo Horombo hukutana watu wa aina tatu: wanaopanda, wanaoshuka, na waliobaki siku ya ziada kuzoea hewa. Sijaona mahali pengine mlimani penye kelele kama pale. Sahani zinagongana, wapagazi wanaitana kutoka kibanda hadi kibanda, anayeshuka anasimulia kilele kwa sauti ya juu, anayepanda anasikiliza huku akikipima kichwa chake kinachouma. Tangu Agosti 2022 kuna intaneti ya kasi hapo, iliyofikishwa na shirika la simu la Tanzania, na simu nazo zimeongeza msukumo wao: nyumbani wanasubiri picha. Njia za Machame na Lemosho hushukia Mweka, kwa hiyo huko hukutani na wanaorudi, lakini zote mbili zinapitia ukuta wa Barranco, mwamba unaopandwa kwa mikono na miguu. Asubuhi foleni pale hutambaa. Wapagazi wanapita na mizigo kichwani mahali ambapo mgeni anatafuta pa kushika. Mwenye mzigo apishwe, upande wa ndani, mgongo ukutani.

Ubaya wa foleni si kuchelewa tu. Foleni ina mwendo wake, na mwendo huo si wako. Katika njia tupu, kichwa kikiuma unakaa chini. Katika njia iliyojaa, unamwona mama wa miaka sitini anapita, unamwona mtu aliyeanza nyuma yako anapita, na unainuka kabla hujawa tayari. Unaficha. Unakunywa dawa ya maumivu ukiwa umegeukia upande. Unasema chakula hakina chumvi, kumbe tumbo limekataa. Usiku wa kilele jambo hili hufika mwisho wake. Watu huondoka Kibo au kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku, taa za kichwani zimepangana mlimani kama siafu, kila mtu akitazama visigino vya aliye mbele. Foleni ikisimama, baridi inaingia. Maji yanaganda kwenye mrija wa chupa. Vidole vya miguu vinapotea kimoja kimoja. Foleni ikisogea, unasogea, hata kama mwili ulishasema basi.

Nililiona hili kwa karibu pale Kibo, mbele ya mlango wa kibanda, wakati watu wanafunga kamba za viatu. Kijana mmoja, mwenye mabavu kuliko wote katika kikundi chake, alizunguka nyuma akatapika chai yote, akajifuta kwa glavu, akarudi kwenye mstari akitabasamu. Hakuna aliyesema kitu. Kiongozi wao, mtu mzima wa Marangu, akamwendea, akachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wangu, nipitie hapa, kisigino kiguse kidole." Hatua ya kwanza ilikwenda. Ya pili akayumba. Ya tatu mguu ukatua nje kabisa, na kijana akacheka, akasema giza ndilo lililomponza. Yule mzee akamwangazia taa miguuni ili ajaribu tena. Ikawa vile vile. "Kilele leo basi," akamwambia. "Tunashuka sasa hivi, mimi na wewe." Kijana akaanza kubisha, kwamba amelipa, kwamba wenzake wanaondoka, na wenzake kweli walikuwa wanaondoka na msaidizi wa kiongozi. Mzee hakubishana. Alimshika begani, akamgeuza kuelekea Horombo, na kabla hatujafunga makoti yetu taa zao mbili zilikuwa zimeshapotelea chini.

Kuyumba kule ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Ndugu yake ni mapafu kujaa maji: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, wakati mwingine mate yana povu la rangi ya waridi. Yote mawili huua, na dawa ya uhakika ni moja: kushuka, usiku huo huo, bila kusubiri kukuche. Dawa ya acetazolamide, iitwayo Diamox madukani, husaidia mwili kuzoea na inafaa uizungumze na daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Haikupi ruhusa ya kuendelea kupanda ukiwa mgonjwa.

Baada ya kumwona yule mzee na fimbo yake, sioni tena kanuni ya mwaka 1991 kama kizuizi kwa mtu anayetaka kwenda kivyake. Ninachokiona ni kwamba tumeutafuta uhuru mahali pasipo pake. Kumkwepa kiongozi hakumfanyi mtu kuwa huru katika njia ambayo mamia wanaikanyaga. Aliye huru ni yule aliyeamua mapema mwendo wake, siku zake, na mahali atakapogeukia, na akawa na mtu wa kumkumbusha maamuzi hayo saa ambayo akili yake mwenyewe itakuwa imelewa hewa. Mambo hayo bado yako mikononi mwako hata kwa kampuni ya bei ya chini. Omba siku ya ziada pale Horombo. Wapo watakaokuambia si lazima, wewe sisitiza. Ukiweza, chagua njia ndefu, Lemosho au ile ya kuzunguka kaskazini, au Rongai inayopandia upande wa Kenya na ina utulivu zaidi. Kimbia miezi ya msongamano: Januari hadi mapema Machi, na Juni hadi Oktoba. Usiku wa mwezi mpevu unapendeza, lakini kila mtu anaujua. Omba kupanda na kiongozi wako mwenyewe badala ya kuunganishwa na kikundi usichokijua, hata kama itakubidi upunguze anasa nyingine zote. Na jioni ya kwanza mwambie kiongozi, mbele ya msaidizi wake: nikiyumba, nishushe, hata nikilia.

Kisha wapagazi. Mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20, na mizani ipo getini. Mizani ya getini, hata hivyo, haipimi kinachoongezwa baada ya kona ya kwanza, wala haipimi viatu vilivyotoboka wala koti la mvua lisilokuwepo. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, nao huazimisha nguo za baridi na kufuatilia kampuni zinavyolipa. Kabla ya kutoa pesa, uliza kampuni kama inashirikiana nao, wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, na wanalala wapi. Sisi tuliokulia chini ya vilima hivi tunawajua watu wa kubeba. Ni shangazi zetu na binamu zetu. Nashindwa kuelewa Mrundi anayempisha mama wa makaa kule Musaga halafu anamsukuma mpagazi pale Barranco, na wapo, nimewaona.

Kuhusu gharama, Burundi iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na hilo lina faida mlimani. Mgeni wa mbali hulipa hifadhi kwa dola kila siku, mbali na malazi na ada ya uokoaji, wakati raia wa Jumuiya hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno. Beba pasipoti yako, maana bila kuthibitisha uraia utatozwa bei ya wageni. Kilichobaki, yaani malipo ya kiongozi, mpishi, wapagazi, chakula na gari la kukufikisha getini, hakina punguzo la uraia, na faranga yetu hubadilishwa kwa tabu ukishavuka mpaka, kwa hiyo anza kutafuta shilingi mapema. Mabasi ya Dar es Salaam hupitia mpaka wa Kobero; ukishuka Singida unapata la Arusha na Moshi kupitia Babati. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe na pasipoti, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi.

Na mtu asifike Moshi leo akapanda kesho. Kutoka Bujumbura ni safari ya kukaa kitini mchana na usiku. Miguu imevimba, usingizi haujulikani ulipo. Lala Moshi usiku mmoja zaidi, na ukiweza Marangu, ambako vijiji viko juu kidogo na baridi inaanza kukujulisha. Tembea polepole kati ya mashamba ya migomba na kahawa, kunywa maji mengi, kutana na kiongozi wako mkiwa bado hamna haraka, mfanye jaribio la mstari kwenye vumbi ukiwa mzima, ili ajue unavyotembea siku ambayo huumwi.